Nyumba yetu imekosa raha kwa sababu ya kiwiko cha Gerrit Cole

BARUA

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa ninaishi Bronx, katika jiji la New York, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Nimezoea kuona wasomaji wakikuletea mambo ya ndoa, mirathi na ukwe, kwa hiyo uniwie radhi kwamba mimi ninakuja na jambo la michezo. Ninakuandikia kwa sababu jambo hilo limeingia ndani ya nyumba yetu na limetuondolea utulivu katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhani, na mimi kama baba sijui nilikabili vipi.

Treni ninayopanda kwenda kazini hupita juu ya barabara, nyuma kabisa ya uwanja wa Yankees, na kwa muda mrefu niliutazama uwanja huo kupitia dirishani bila kujua kinachochezwa ndani yake. Aliyenifundisha besiboli ni mwanangu wa kwanza, ambaye nitamwita Idi. Sasa ana miaka 13, na yeye mwenyewe ni mrushaji katika timu ya shule na katika timu nyingine ya mtaani ambayo husafiri kucheza nje ya jiji. Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji kila mpira, na mchezo mzima huanzia mkononi mwake. Timu kubwa huwa na warushaji 5 hivi wanaopokezana kuanza mechi, na kwa Yankees wa kwanza wao miaka hii yote amekuwa Gerrit Cole. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya Cy Young, ambayo ni ya mrushaji bora wa ligi, bila kura hata moja kwenda kwa mwingine katika nafasi ya kwanza. Idi ana picha yake ukutani na jezi yake namba 45, na anapopanda kilimani huvuta pumzi na kuinua goti kwa kumwiga yeye.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Machi 2025 tulikuwa tumekwisha kupata pigo moja. Luis Gil, kijana aliyechaguliwa mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Amerika mwaka jana, aliumia msuli wa nyuma ya bega akiwa kambini Florida, akaambiwa asirushe mpira kwa wiki kadhaa. Kisha Alhamisi tarehe 6 Machi Cole alianza mechi ya majaribio dhidi ya Minnesota Twins, akapigwa vibaya na kutolewa kabla awamu ya 3 kati ya 9 haijakwisha. Hatukujali sana, kwa maana mechi za kambini hazihesabiwi katika msimu. Mwishoni mwa wiki ndipo iliposemwa kwamba kiwiko chake cha kulia kinauma, kwamba anafanyiwa vipimo, na kwamba anatafuta maoni ya daktari wa pili. Habari hiyo ilitufikia tukiwa tunafuturu. Idi alirudisha sambusa sahanini, akaondoka mezani bila kuaga, na tangu hapo hajawa yule mtoto tunayemjua.

Anaamka kula daku macho yakiwa mekundu. Anairudia video ya mechi ile polepole, akiusimamisha uso wa Cole baada ya kila mpira, na kuniuliza kama namwona anakunja uso kwa maumivu. Mimi mwenyewe siwezi kumkemea, kwa sababu nikiwa kazini nafungua simu kila nikipata nafasi kuangalia kama majibu yametoka. Mke wangu anasema tumepitiliza. Mdogo wangu aliyeko Tanga alipopiga simu na kusikia habari hii alicheka sana, akaniuliza inakuwaje mtu na akili zake akose usingizi kwa ajili ya kiwiko cha mtu ambaye mkataba wake ni wa dola milioni 324 kwa miaka 9. Sikuwa na jibu la kumpa.

Juu ya hayo, nilikuwa nimenunua tiketi mbili za mechi ya ufunguzi wa msimu, tarehe 27 Machi dhidi ya Milwaukee Brewers, nikiamini kwamba Cole ndiye atakayeianza. Kwa mtu wa kipato changu fedha hizo si kidogo. Rafiki yangu ananishauri niziuze sasa kabla bei haijaanguka, lakini Idi hataki kusikia, anasema kuziuza ni kumkatia tamaa Cole. Siku hizi anakwenda kulala na mfuko wa barafu kiwikoni, ati na yeye anautunza mkono wake kwa ajili ya msimu, na mimi sijui nicheke au nilie.

Naomba unishauri. Je, nimpe mwanangu matumaini, au nimtayarishe kwa habari mbaya? Je, ni upungufu wa busara kwa mtu mzima kuhuzunikia mwili wa mtu asiyemjua? Na hizo tiketi nizifanyeje?

Ni mimi,
Baba Idi, Bronx

JIBU

Marahaba, Baba Idi, na Ramadhani njema kwako, kwa mama watoto na kwa watoto. Hukuwa na haja ya kuomba radhi. Jambo linalomwondoa mtoto mezani wakati wa futari linastahili kuletwa hapa, liwe la mirathi au la besiboli.

Barua yako uliiandika Jumapili, na kabla sijakaa kuijibu majibu yenyewe yalikuwa yamekwisha kutoka. Jumatatu tarehe 10 Machi klabu ilitangaza kwamba Cole anahitaji kujengewa upya ligamenti ya ndani ya kiwiko, yaani ukanda unaoshikanisha mifupa, na Jumanne tarehe 11 alifanyiwa upasuaji huo na daktari Neal ElAttrache huko Los Angeles. Msimu huu wote wa 2025 hatarusha. Najua kwamba Idi amekwisha kulijua hilo kabla yangu, na ninasikitika pamoja naye kwa moyo wangu wote.

Hata hivyo sitaki kuliruka lile suala la kungojea, kwa sababu huko ndiko mlikoteseka, na mtu anayeipenda timu yenye warushaji ataungoja ujumbe wa daktari mara nyingi maishani mwake. Mkumbushe Idi yaliyotokea Machi mwaka jana. Kiwiko kilikuwa hiki hiki, mwezi ulikuwa huu huu, na daktari aliyeombwa ushauri alikuwa huyu huyu. Mashabiki wengi walikwisha kumzika Cole, wakisema kwamba hakuna mrushaji anayepelekwa kwa ElAttrache akarudi bila mshono. Picha zilipotoka ikaonekana kwamba tatizo ni neva iliyovimba, wala ligamenti haikuhitaji kisu. Alipumzishwa, akarudi uwanjani tarehe 19 Juni, akaanza mechi 17 za msimu, na mwezi Oktoba akapanda kilimani katika World Series, yaani fainali ya ubingwa, dhidi ya Dodgers. Mwaka huu dalili zilizofanana na zile zimeleta jibu lililo kinyume kabisa. Aliyebashiri mema mwaka jana na aliyebashiri mabaya mwaka huu wote wawili walibahatisha, maana hapakuwa na mtu aliyeweza kujua bila picha ya MRI na jicho la mtaalamu.

Kwa sababu hiyo ningependa umwombe Idi aache kuupekua uso wa Cole katika ile video. Uso wa mrushaji akiwa kazini hukunjika kwa mengi, na kwa maelezo yaliyotolewa na timu, maumivu yalizidi baada ya mechi kumalizika. Hakuna kitu alichokikosa kuona. Mtoto anayeamini kwamba angetazama kwa makini zaidi angejua mapema hujibebesha mzigo usio wake, na mzigo huo ndio unaomnyima usingizi kuliko habari yenyewe. Uliniuliza kama ungempa matumaini au ungemtayarisha kwa mabaya. Siku nyingine kama hizi zikija, usifanye moja wala jingine. Mwambie yanayojulikana, na yasiyojulikana mwambie kwamba hayajajulikana, kisha mpangieni saa moja ya jioni ya kuangalia habari pamoja, na simu iwekwe kando hadi kesho yake. Sharti hilo likuhusu na wewe uliyeko kazini.

Sasa tuzungumzie upasuaji wenyewe, kwa maana nadhani Idi anauona kama kaburi. Ligamenti inayohusika iko upande wa ndani wa kiwiko, na kazi yake ni kuushika mfupa wa juu wa mkono na ule wa chini visiachane pale mkono unapotupwa mbele kwa nguvu. Wewe ni mtu wa Tanga, umeziona kamba za jahazi: hazikatiki kwa upepo wa siku moja, bali huchakaa uzi baada ya uzi, na siku ya kukatika watu husema ni upepo wa leo. Ligamenti ya mrushaji huwa hivyo kwa kawaida. Cole ana miaka 34, na katika msimu wa 2023 peke yake alianza mechi 33 na kurusha awamu 209. Mpira wa tarehe 6 Machi si lazima uwe ndio ulioivunja.

Mtu wa kwanza kufanyiwa upasuaji huu, ambao sasa huitwa kwa jina lake, alikuwa Tommy John, mrushaji wa Dodgers, tarehe 25 Septemba 1974. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake mwingine, akaitumia kujenga ligamenti mpya, naye hakumficha mgonjwa wake kwamba uwezekano wa kurudi uwanjani ulikuwa mdogo mno. John alikosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, na akaendelea kurusha hadi 1989 akiwa na miaka 46. Kati ya ushindi wake 288, alipata 164 baada ya kisu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alivaa jezi ya Yankees. Kabla yake hapakuwa na njia. Sandy Koufax, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa warushaji wakuu wa karne iliyopita, alistaafu mwaka 1966 akiwa na miaka 30 tu kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimeharibika na madaktari hawakuwa na la kumfanyia.

Kisha mwonyeshe Idi kikosi chake mwenyewe. Max Fried, aliyesajiliwa Desemba kwa mkataba wa miaka 8 na ambaye sasa atabeba mzigo wa Cole, alifanyiwa upasuaji huu huu mwaka 2014 kabla hajafika ligi kuu. Clarke Schmidt alifanyiwa mwaka 2017 akiwa chuoni, na Yankees wakamchagua mwezi uliofuata wakijua hali yake. Luis Gil alifanyiwa mwaka 2022, akarudi, na mwaka 2024 akachukua ile tuzo ya chipukizi uliyoitaja. Justin Verlander, aliyekuwa pamoja na Cole kule Houston, alipasuliwa mwaka 2020 akiwa na miaka 37, na mwaka 2022 akashinda Cy Young akiwa na miaka 39. Wala si kila ligamenti iliyochanika hupasuliwa: Masahiro Tanaka aligundulika na mchaniko mdogo Julai 2014, akatibiwa bila kisu, akarudi Septemba, na akawarushia Yankees hadi 2020. Hata hivyo usimwahidi mtoto kwamba Cole atarudi vile vile. Kurudi huchukua kwa kawaida mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu, wengi hurudi na wengine hawarudi, na yeye hatakuwa kijana siku hiyo. Hivyo ndivyo ilivyo, na mtoto wa miaka 13 anaweza kuupokea ukweli huo akiambiwa na baba yake kwa utulivu.

Kuhusu mdogo wako wa Tanga, mwambie kwamba hakuna aliyelia kwa ajili ya fedha za Cole. Fedha zake zipo, na atalipwa akiwa kitandani. Kilichopotea ni jioni za kila siku ya 5 ambapo baba anayerudi kutoka kazini na mwana anayerudi kutoka shule walikuwa na mahali pamoja pa kutazama na jambo moja la kuzungumza, tangu mtoto huyo akiwa mdogo. Mimi siioni hali hiyo kuwa upungufu wa busara. Na kama Idi anadhani kwamba Cole asingeielewa huzuni hii, mtafutie ile picha ya mwaka 2001: Gerrit Cole akiwa mtoto wa miaka 11, yuko kwenye World Series kule Arizona, ameshika bango linalosema kwamba yeye ni shabiki wa Yankees leo, kesho na milele. Bango hilo alilitoa tena mwaka 2019 siku aliyotambulishwa rasmi kuwa mchezaji wao. Anayajua maumivu haya kutoka upande wenu.

Tiketi usiziuze. Besiboli ni mchezo wa mechi 162, na mrushaji mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani, huanza sehemu ndogo tu ya hizo. Februari 2011 St. Louis Cardinals walimpoteza Adam Wainwright, tegemeo lao, kwa jeraha hili hili wakiwa kambini, na watu wakasema msimu umekwisha kabla haujaanza. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Cardinals walikuwa mabingwa wa World Series. Wainwright alirudi 2012, na mwaka 2014 akashinda mechi 20. Sisemi kwamba Yankees watafanya hivyo. Nasema kwamba tarehe 27 mtu mwingine atapanda kilimani, na mwanao ana haki ya kuwepo.

Hayo nimeyajibu kwa sababu uliyauliza. Lililonifanya niisome barua yako mara ya pili ni lile ulilolitaja ukipita, karibu na mwisho, kwamba Idi analala na mfuko wa barafu kiwikoni na hujui ucheke au ulie. Baba Idi, usicheke. Huenda kweli anawaiga wakubwa, kwa kuwa warushaji wengi huonekana na barafu begani na kiwikoni baada ya mechi. Lakini huyu ni mtoto wa miaka 13 anayerushia timu mbili, na barafu haiwekwi usiku hadi usiku kwenye mkono usiouma. Fikiria pia alichokishuhudia wiki hii: mtu anayemhusudu alisema kiwiko kinauma, na baada ya siku chache akawa ameondolewa mchezoni kwa msimu mzima. Mtoto anayeupenda mchezo atajifunza nini hapo? Atajifunza kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kiwiko cha mwanao kifike huko.

Zungumza naye leo, mkiwa wawili tu, wala si mezani mbele ya mama na mdogo wake. Usimwulize kama anaumwa, kwa sababu atakujibu hapana. Mwombe akuonyeshe mahali hasa anapoweka ile barafu. Akikuonyesha ule mfupa mdogo uliotokeza upande wa ndani wa kiwiko, uguse polepole kwa kidole gumba, kisha uguse wa mkono wa pili, umtazame. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yako mpaka mwisho, uone kama ule wa kulia unabaki umejikunja kidogo. Yeye ni mtoto anayekua, na mahali hapo mfupa wake bado una tabaka laini la ukuaji ambalo halijawa mfupa kamili. Kwa umri wake tabaka hilo huwa dhaifu kuliko ligamenti yenyewe, na ndilo linaloanza kuvutwa na kuvimba mtoto anaporusha kupita kiasi. Likigunduliwa mapema, dawa yake kubwa ni kuacha kurusha kwa wiki kadhaa. Likipuuzwa, linaweza kumeguka. Mimi si daktari, na kidole chako si kipimo. Ukiona lolote kati ya hayo, au ukisikia tu kwamba kinauma, mpeleke kwa daktari wa mifupa anayeshughulika na watoto wanamichezo, na asishike mpira hadi daktari aseme.

Mwambie pia jambo moja ambalo nadhani hajalitambua. Cole alisema. Hakumeza dawa ya maumivu akarudi kilimani siku ya zamu yake; alieleza anachokihisi kabla msimu haujaanza, akijua vizuri kwamba jibu linaweza kumgharimu mwaka mzima. Kama Idi anataka kumwiga kwa pumzi na kwa goti, amwige na katika hilo.

Kisha liko suala la hesabu, na hili ni lako wewe. Ligi kuu na shirikisho la besiboli la Marekani wametoa mwongozo unaoitwa Pitch Smart, na kwa watoto wa miaka 13 na 14 unasema hivi: wasizidishe mipira 95 kwa siku, na wakirusha mipira 66 au zaidi wapumzike siku 4 kabla ya kurusha tena. Mwongozo huo unataka mtoto akae angalau miezi 4 kila mwaka bila kurusha katika mashindano, na miezi 2 au 3 kati ya hiyo iwe mfululizo bila kurusha kabisa mpira kwa mkono wa juu ya bega. Kocha wa shule huenda anahesabu kwa uaminifu, na kocha wa timu ya mtaani naye anahesabu kwa uaminifu, lakini kila mmoja anahesabu mipira yake. Mtoto anayerusha mipira 60 Alhamisi shuleni na mingine 60 Jumamosi kwa timu ya pili hajavunja kanuni ya kocha yeyote, ila mkono wake ni mmoja. Anayeweza kujumlisha ni wewe au mama yake. Nunua daftari dogo, liandikwe tarehe, timu na idadi, na makocha wote wawili walijue daftari hilo. Uliza pia alifanya nini majira ya baridi, kwa kuwa siku hizi watoto wengi hurusha ndani ya kumbi Desemba na Januari, na miezi ile ya kupumzika hupotea bila mzazi kujua.

Kama katika kumbi hizo kuna mashine ya kupimia kasi, iulizie kwa makini zaidi. Ripoti ambayo ligi kuu yenyewe iliitoa Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ilielekeza kidole kwenye tamaa ya kasi na tabia ya kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Mpira wa kasi katika ligi kuu ulikuwa na wastani wa kilomita 147 hivi kwa saa mwaka 2008, na mwaka 2024 ulikaribia 152. Watoto wameona namba zinazowapatia wakubwa mikataba, nao wanazifukuza kwa vifupa vya miaka 13. Wako hata wazazi wanaoamini kwamba upasuaji wa Tommy John huufanya mkono kuwa na nguvu kuliko ulivyokuwa, jambo ambalo si kweli, na linaniudhi kila ninapolisikia. Wanaorudi na kung'aa wamefanya mazoezi ya kurejesha mkono kwa mwaka mzima na zaidi, na wanachokitafuta ni kufika pale walipokuwa.

Uchovu ndio wa kuuogopa kuliko yote. Utafiti uliofanywa Alabama juu ya vijana warushaji ulionyesha kwamba waliofikia kupasuliwa kiwiko au bega walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi ya wenzao wa kuwa na mazoea ya kurusha mkono ukiwa umechoka. Na kama Idi anafunga, ongea na kocha wake kwa adabu, umweleze kwamba mwili ambao haujapata maji tangu alfajiri hauna nguvu zile zile saa 10 jioni, na kwamba hadi Idi el Fitri ungependa afanye mazoezi ya miguu, ya kudaka na ya kupiga, kilima akiachie wengine. Kocha mwenye kujua kazi yake atakuelewa, na asiyekuelewa amekusaidia kujua kwamba kijana wako anahitaji timu nyingine.

Kwa hiyo mpigie kocha wa timu ya mtaani kabla ya Jumamosi, umwambie kwamba Idi hatarusha wiki hii, na usisubiri mtoto akubali kwanza. Atanuna. Mwache anune. Chukua miadi ya daktari, uende na lile daftari hata kama lina kurasa mbili tu, na ukitoka huko niandikie tena unieleze amesema nini.

Shangazi